Nilivyomjibia mama leo

Leo nimemwaibisha mama yangu mbele ya watu, na nilikuwa namtetea.

Mnajua mama ana kansa ya titi. Asubuhi nilimpeleka ofisi ya ustawi wa jamii hapa Gitega, Burundi, kuomba msaada wa wagonjwa wasioweza tena kufanya kazi. Alivaa kitenge chake cha kanisani.

Afisa akamuuliza kwa upole, "Mama, bado unaweza kulima?"

Mama akajibu haraka, "Naweza, baba. Nalima vizuri tu."

Jamani! Mkono wake umevimba, hata sufuria hainui.

Nikadakia, "Mama, maharage yote nimelima mimi. Wewe huwezi tena."

Watu kwenye foleni wakageuka kututazama. Mama akainamisha kichwa.

Na huyu ndiye aliyefyeka kichaka kilichomeza shamba letu kule Bugendana tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Alifyeka peke yake, mimi nikiwa mgongoni.

Msaada wametukubalia. Nilidhani atafurahi.

Njiani akaniambia taratibu, "Ningesema mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema."

Sasa amelala, amegeukia ukutani.

Ninyi mngenyamaza?