Nahodha wa Kigoma

Nilipokuwa naposa, nilimdanganya baba mkwe kwamba niliwahi kuwa nahodha Kigoma. Ulimi wangu huu! Mwaka jana mzungu mmoja wa Bomani alihama, akamwachia mzee kimashua cha tanga. Kikakaa juani uani kwake Kanyenye kiangazi kizima. Mvua zilipojaza bwawa, nikaitwa tukakishushe majini.

"Mbao zimekauka, zimeachana. Tusikiloweke kwanza zivimbe, mwanangu?"

"Baba, Kigoma hatuloweki mashua kama maharage!"

Tukapandisha tanga. Hatujaenda hata hatua ishirini, maji yakaingia kila upenyo, kimashua kikazama. Nikapiga mayowe:

"Baba, nakufa! Nisamehe! Sikuwa nahodha, nilikuwa mpishi wa treni!"

Mzee alikuwa amesimama kando yangu, kofia yake kavu kabisa.

"Simama, mpishi," akasema. "Maji ya magoti haya."