Kichwa cha Binti Yangu

Nywele zangu zilirudi. Vidole havijarudi.

Saratani ya tezi za limfu niliyotibiwa hospitalini Mbarara imekwisha. Daktari alinipapasa shingo akaniambia niende nyumbani nikaishi. Ila dawa zilizoiua ziliharibu mishipa ya fahamu, na mpaka leo, miaka kadhaa baadaye, mikono na miguu yangu ina ganzi. Nikishika kikombe cha chai lazima nikitazame, la sivyo kitaanguka. Majirani hapa Kashojwa wanasema nimepona, nisilalamike. Hao hao walikuwa wateja wangu wa kusuka nywele. Sasa wanasukwa kwingine.

Binti yangu amebaki. Kila Jumamosi hukaa chini, kati ya magoti yangu, nimsuke kwa ajili ya kanisa. Mara ya kwanza baada ya matibabu alitulia kimya kabisa, nikadhani mikono bado inakumbuka kazi. Kisha nikaona tone la maji juu ya mguu wangu. Sikulisikia likidondoka, nililiona tu. Mtoto alikuwa analia.

Nilikasirika. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Sikutaka uache, mama."

"Vidole vyangu havisikii kitu. Na wewe ukinyamaza, nitajuaje?"

Siku hizi anasema. "Hapo ni nguvu mingi, mama." Mistari bado inapinda kidogo, naye huenda nayo kanisani hivyo hivyo. Akisema inauma, nalegeza. Akisema sawa, ndipo najua nimemshika.