Meno Sita ya Nyar Karungu

Unisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea brashi kuliko kalamu. Mzee sijawa, ila wewe mdogo wangu unayeanza kuchora, keti nikuambie.

Kuna siku moja naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimeacha kuchora vibao vya vinyozi hapa Mbita, nikaanza kuchora watu. Mzee Odhiambo akaniletea kitambulisho cha marehemu mkewe. Picha nyingine hakuwa nayo. Alitaka nimchore mkubwa kwa ajili ya siku ya ukumbusho, awe anacheka, na nyuma yake ufuo wa Karungu alikozaliwa.

Kwenye kitambulisho mama alikuwa amefunga mdomo. Niliona haya kumuuliza mzee mkewe alichekaje. Nikamchorea meno niliyoyabuni kichwani mwangu, meupe, yamejaa juu na chini.

Mzee alipokuja aliitazama kazi kwa muda mrefu. Binti yake akasema mama amependeza.

"Amependeza," mzee akasema, "lakini simjui. Mwanangu, haya meno ya chini umeyatoa wapi?"

Ndipo akanieleza kwamba mkewe aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama Wajaluo walivyofanya zamani. Akicheka, ulimi ulichungulia pale penye pengo. Mbele ya wageni alifunika mdomo kwa leso. Nyumbani hakufunika.

Nilitamani kujificha nyuma ya turubai. Yeye akavuta kiti.

"Kaa. Sasa uliza."

Nikauliza mpaka jua likashuka. Rangi ilikuwa bado mbichi, nikayafuta yale meno sita ya chini kwa kitambaa, moja moja.

Siku ya ukumbusho, mzee alisimama mbele ya picha, akasema polepole, "Nyar Karungu, umerudi." Binti wa Karungu, ndivyo alivyomwita nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki na marehemu akaiuliza picha, "Na wewe, unatucheka nini tena?" Wenzake wakacheka hadi wakafuta machozi.

Tangu hapo nimechora watu hadi Macalder na Kehancha. Bado naona haya, lakini sishiki brashi kabla sijakaa na aliyenituma. Mdogo wangu, usimrembeshe mtu hadi watu wake wasimjue. Uliza, hata sauti ikitetemeka. Mungu akutulizie mkono, akupe na macho ya kuona watu walivyo.

Niandikie basi, uniambie unamchora nani. Nasoma polepole, lakini nitajibu.