Jina la Mama Monga

Nakumbuka siku niliyorudi kwenye soko la samaki la Kashikishi na cheti changu mkononi, mwanangu, kichwa kimevimba. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika shule ya biashara ya chuo kikuu, na utafiti wangu juu ya wauza samaki wa Ziwa Mweru ulikuwa umeshinda tuzo ya kwanza. Mkuu wa shule alinipa mkono mbele ya watu wote. Basi nikaona hakuna mwenye akili kunizidi.

Ukweli ni kwamba kile walichokisifu nilifundishwa na Mama Monga, mchuuzi aliyevuka ziwa kutoka Kongo. Mimi nilikuja na fomu zangu nikaandika kwamba mbasela, ile konzi ya samaki wakavu anayoongezewa mnunuzi baada ya kipimo, ni hasara tupu. Yeye akacheka, akaniweka nyuma ya meza yake majuma matatu nijionee. Siku samaki walipojaa sokoni na wenzake wakakosa wateja, wanunuzi kutoka mji wa Mansa waliwapita wote wakaja kwake, kwa ajili ya ile mbasela. Hilo ndilo nililoandika, kana kwamba nililigundua peke yangu.

Siku hiyo ya cheti, Mama Monga alifuta mikono kwanza, akakishika cheti, akakisifu kwa moyo. Kisha akaniambia, bila hasira:

"Hii karatasi ni muzuri, mutoto yangu. Sasa leta kitabu, unisomee fasi uliandika jina yangu."

Nikatoa nakala ya utafiti wangu, nikafunuafunua kurasa kama mtu anayetafuta kitu, nami nilijua halimo. Nilikuwa nimewashukuru maprofesa watatu na mjomba aliyenipa nauli. Jina lake niliona haya kuliandika. Nilidhani walimu wangecheka kusikia nimefundishwa sokoni.

"Kila mutu anayenunua kwangu anaenda na mbasela," akasema. "We ulibeba yote, haukuniachia hata jina."

Nililia, mwanangu, mbele ya wateja. Chuo kilikuwa bado hakijakichapa kitabu, kwa hiyo nikapanda basi kurudi chuoni, nikamweleza profesa wangu yote, nikijua huenda tuzo ikaniponyoka. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kwa nini sikusema mapema, kisha akaniamuru niandike upya ukurasa wa kwanza na nimlete huyo mama chuoni.

Alikuja amevaa kitenge kipya. Jina lake liliposomwa alisimama, akashukuru, halafu akaturekebisha mahali pawili tulipokosea. Maprofesa wakatoa kalamu. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya cheti.

Kesho ni zamu yako kupokea tuzo, kwa utafiti wako wa wauza mboga wa soko la Mantapala. Shule nzima inajivunia, na mimi nawashinda wote. Nakuusia hivi: kabla ya kuwataja wenye joho, mtaje kwa jina yule aliyekupa nafasi nyuma ya meza yake. Usisubiri akuulize. Mimi niliponea kwa kuwa Mama Monga aliuliza. Wengi hawaulizi, wanakutazama tu ukienda.

Mungu akuzidishie walimu, mwanangu, na akupe ulimi usiosita kuwataja.