Giaboksi Iliyooshwa kwa Petroli

Gari lilikufa siku ya tisa tangu linunuliwe, katikati ya barabara kuu, likiwa na mafurushi sita ya mashuka ya watu. Lilikoroma mara moja, gia ikagoma, na wenye magari waliokuwa nyuma wakaanza kupiga honi kana kwamba Mama Mashuka alikuwa amechagua mahali pale kwa raha zake.

Alikuwa dobi. Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya nyumba tatu za wageni, kwa mikono, uani kwake, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Gari lile dogo la mizigo alilinunua kwa sababu alikuwa amejitokeza dobi mwingine mwenye mashine na gari, na nyumba za wageni zilimwambia waziwazi: mashuka yafike kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo kazi inahama. Kwa hiyo asije mtu akasema alikurupuka. Alikagua rangi, akakagua viti, akasoma karatasi ya waranti ya miezi mitatu mpaka chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo yanayomtoa machozi hata mtu mwenye macho mazima.

Kosa lilifanyika siku ileile gari lilipokufa, na lilifanywa kwa mapenzi. Mdogo wa marehemu mumewe, fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, alilivuta gari mpaka uani, akavua shati, akaingia uvunguni. Katika familia ile gari likiugua shemeji ndiye anayelifungua, na kulipeleka kwa mtu baki kungekuwa kumtukana. Mama Mashuka aliporudi kutoka kuomba radhi kwenye nyumba ya tatu, giaboksi ilikuwa chini, juu ya gunia, imeoshwa kwa petroli mpaka inang'aa.

"Ilikuwa na uchafu wa ajabu, shemeji," Spana alisema akijifuta mikono. "Meno yamelika yote. Taka zote nimeshamwaga."

"Ahsante, shemeji. Ungekuwa mbali sijui ningefanyaje."

Spana aliinama kutafuta shati lake, ingawa lilikuwa mbele yake.

Kesho yake Mama Mashuka alikwenda yadi alikolinunua gari. Muuza magari alimpokea kwa kiti na maji baridi, akamsikiliza kwa huruma yote, kisha akamwonyesha mstari kwenye karatasi yake mwenyewe.

"Mama yangu, hapa imeandikwa muuzaji ndiye wa kwanza kufungua. Nani kaifungua hii?"

"Shemeji yangu."

"Basi shemeji yako ndiye aliyeiua. Pole sana, mama."

Ikaanza safari ya njoo kesho. Njoo kesho bosi atakuwepo. Njoo Jumatatu. Mama Mashuka alikuwa anafua usiku, anabeba mafurushi alfajiri kwa mkokoteni, halafu anakwenda kupigwa danadana mchana. Nyumba moja ya wageni ilishaondoka. Mbili zilimpa mpaka mwisho wa mwezi. Kila jioni Spana alipita uani kuuliza, "Wamesemaje?" naye alimjibu huku anakamua mashuka, bila hata kugeuka. Hakuwa na nguvu ya kumlaumu, na kwa kweli hakuona wa kumlaumu. Mtu aliyekuosha jeraha kwa nia njema, utamgombezaje?

Wiki ya tatu alipanda ngazi za ofisi ya malalamiko ya wateja. Afisa, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwelekeza vizuri kuliko wote aliowahi kukutana nao.

"Waranti haifi kwa sababu gari limefunguliwa, mama. Lakini nionyeshe kwamba ubovu ulikuwepo tangu yadi. Hiyo giaboksi mmeiosha. Ushahidi mmeumwaga wenyewe. Ileteni Alhamisi, na fundi wako aje."

Alhamisi giaboksi ililazwa juu ya magazeti mbele ya meza ya afisa. Muuza magari alikaa upande mmoja, kavaa suti, ametulia kama mwenye nyumba. Mama Mashuka alikaa upande wa pili, miguu imemvimba, anasinzia kwa sekunde na kuzinduka. Spana alisimama.

"Fundi," afisa alisema, "una lolote la kuonyesha?"

Spana aliitazama giaboksi mpaka muuza magari akaanza kukusanya karatasi zake.

"Kuna tundu la kupumulia," alisema mwishowe. "Hapo juu. Hakuna anayekumbuka kuliosha. Chokonoa kwa waya."

Afisa alichokonoa. Kikatoka kijibonge cheusi, kimeganda kama gundi ya zamani. Alikivunja kwa kucha. Ndani kulikuwa na unga wa mbao.

"Huwekwa kwenye oili," Spana alisema. "Meno mabovu yananyamaza wiki moja, mbili. Mteja akiliwasha gari pale yadi, linaimba vizuri."

"Kaweka mwenyewe huyo!" muuza magari aliruka.

"Hiki hakikuganda kwa wiki tatu," afisa alijibu, akamgeukia Spana. "Wewe ulijuaje kilipo?"

Spana hakumtazama afisa. Alimtazama shemeji yake.

"Nilifanya kazi hiyo miaka minne, yadi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa naweka. Siku ile nilipoifungua nilijua palepale. Nikaosha haraka, shemeji, kwa aibu. Ningesema, ungeniuliza nimejuaje."

Usingizi ulimtoka Mama Mashuka. Wiki tatu. Wiki tatu mtu huyu alikuwa anapita uani anauliza wamesemaje, na jibu analo mfukoni. Hilo lilimuuma kuliko gari, kuliko yadi, kuliko ile nyumba iliyoondoka.

Afisa aliandika kwamba muuzaji atafunga giaboksi nyingine, nzima, ndani ya siku kumi na nne, akamtaka muuza magari atie sahihi. Naye akatia, akitafuna midomo. Huo ndio ushindi wenyewe, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Kwenye ngazi Spana alikuwa nyuma yake hatua mbili.

"Shemeji, nitukane basi."

Mama Mashuka aliendelea kushuka, mkono kwenye ukuta.

"Siku kumi na nne bila gari," alisema. "Kila siku mafurushi manne. Mkokoteni utausukuma wewe."

"Nitausukuma. Lakini niambie, utanisamehe lini?"

Mama Mashuka alisimama ngazi ya mwisho kupumua. Alifikiria kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta siku kwenye kalenda.

"Nikipumzika," alisema.

Spana, ambaye kwa miaka yote kumi na tisa ya kufua hakuwahi kumwona akipumzika, aliketi palepale kwenye ngazi akafunika uso.