Mpira Uligusa Nguzo

Kwa sababu ya Waaustralia wawili, mume wangu hakunisemesha kwa siku kumi na moja, na sijutii hata moja kati ya siku hizo.

Tulikuwa tunaishi Malvern, mtaa wa Toronto kule Kanada, katikati ya miaka ya tisini. Mimi nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu alisimama mashineni katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Tulitoka Moshi. Huko yeye alikuwa beki wa kushoto wa timu ya mtaa wetu, na mimi, nilipokuwa chuo cha ualimu, nilikuwa mwamuzi wa netiboli. Toronto hakuna aliyetuuliza habari hizo. Tulikuwa watu wa shifti, basi.

Mwaustralia wa kwanza alikuwa fundi umeme pale kiwandani kwa mume wangu, mtu wa Melbourne, mrefu, shingo imeiva nyekundu kiangazi na kipupwe. Alikuwa ameanzisha timu ya mpira wa kwao. Unachezwa kwenye uwanja wa mviringo, kwa mpira wenye umbo la yai. Unaubeba, unaupiga teke, unampasia mwenzako kwa ngumi. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Ukiupiga mpira ukapita katikati ya zile ndefu bila kugusa kitu, ni pointi sita. Ukipita kati ya ndefu na fupi, au ukigusa nguzo ndefu, ni pointi moja tu. Nayasema haya mapema kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo.

Wa pili alikuwa mtu wa Sydney, dereva wa gari la mikate, mfupi, mpana, mwenye maneno matamu. Yeye alileta ragbi ya ligi: watu kumi na watatu kila upande, mkiangushwa mara sita mfululizo mnawaachia wenzenu mpira. Nilivyokuja kuelewa, kwao michezo hii miwili ni kama watani wa jadi wa Kariakoo, ila utani wenyewe haupo. Mtu wa Melbourne haitambui ragbi. Mtu wa Sydney anasema wale wa Melbourne wanarukaruka tu kama panzi. Ugomvi huo waliupakia kwenye ndege wakaja kuutua kwetu.

Kwa nini kwetu? Kwa sababu Wakanada walikuwa na mpira wao wa barafuni na hawakuhitaji mwingine, na Waaustralia waliokuwa mjini hawakutosha. Malvern kulikuwa na wanaume: Watanzania, Wakongo, Warundi, Wajamaika, watu wenye miguu na hamu ya kufanya kitu Jumamosi ambacho si ovataimu. Wote wawili walikuwa na neno moja mdomoni: mashinani. Mchezo hujengwa mashinani, walisema, na atakayeshika mashinani ndiye atakayeshika mji. Siku moja nilimwuliza yule wa Melbourne, hayo mashina ni akina nani?

"Ni nyinyi," akasema, akacheka.

Sikupenda. Sikuvuka bahari ili niwe shina la mtu.

Kazi ya uamuzi niliipata kwa bahati. Jumamosi moja nilitoka kazini moja kwa moja kwenda kumwona mume wangu akicheza katika timu ya yule fundi umeme, nikiwa bado na koti langu jeupe la kazi. Mwamuzi wa magoli hakuwa amefika, na mwamuzi wa magoli katika mchezo ule huvaa koti jeupe. Yule wa Melbourne akaniangalia juu hadi chini.

"Dada, unaweza kusimama pale?"

Alinieleza sheria kwa dakika tano. Nilikuwa nimeelewa kwa mbili. Unasimama katikati ya nguzo ndefu. Mpira ukiingia sawasawa unatoa vidole viwili, ukiwa wa pointi moja unatoa kidole kimoja, kisha unapunga bendera ili mwenzako wa upande wa pili aandike. Mchezaji hana ruhusa ya kukubishia, hata awe nani. Kule kazini, hata nikiandika kwamba bibi fulani amekunywa chai, lazima mtu mwingine atie sahihi. Pale uwanjani nilitoa kidole na wanaume thelathini wakageuka wakarudi walikotoka. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena, na iliyofuata, mpaka ikawa kazi yangu.

Mtu wa Sydney alipoona timu ya mwenzake inakua, akaja kanisani kwetu na jezi mpya na soseji za kuchoma. Pasta wetu, Mkongo wa Uvira, mtu wa haki, akawapa wote wawili dakika kumi kumi baada ya ibada. Wakajieleza kama wagombea ubunge. Wanaume saba wa kanisa, wenye vifua na mapaja, wakasema hawataamua kwa maneno. Watakuja kuitazama mechi yetu na timu ya mtaa wa Mount Dennis, waone kama mchezo wa Melbourne una maana.

Wiki ile mume wangu hakulala vizuri. Alikuwa ndiye mfungaji wetu. Alijua saba wale wakija, timu yetu itakuwa kubwa kuliko zote za mashariki ya mji, na yeye ndiye atakuwa nahodha.

Jumamosi ilifika na jua lake. Saba wale walikaa kwenye nyasi, na mtu wa Sydney amejiweka katikati yao akigawa soda. Mechi ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Wale wa Mount Dennis, wengi wao Wajamaika, walikimbia kama hawajui kuchoka. Zilipobaki dakika chache tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Mume wangu akaudaka mpira juu ya vichwa vya watu wawili, na kwa sheria ya mchezo ule anayeudaka hivyo anapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Akarudi hatua kadhaa. Akapangusa viganja kwenye kaptula. Akaniangalia, mimi niliyesimama katikati ya nguzo, na akatabasamu.

Akapiga. Mpira ulikuja juu, mzuri, unazunguka. Nikasogea chini yake kama nilivyofundishwa. Ulipofika ukapinda kidogo, ukaparuza nguzo ya kulia upande wa ndani, ukaingia. Nilisikia mlio wake, mdogo, kama mtu anayegonga mlango mara moja. Niliona mpira ukiyumba.

Watu wetu wote walikuwa wamekwisha kurusha mikono. Nikatoa kidole kimoja.

Mume wangu akaja mbio.

"Sita! Ule ni sita!"

"Moja. Umegusa nguzo."

"Nani kaona?"

"Mimi."

"Wewe ni mke wangu!"

"Nyumbani. Hapa mimi ni mwamuzi."

Alisema maneno mengine ambayo sitayaandika. Nilimgeuzia mgongo, nikachukua bendera moja, nikapunga. Niliipandisha juu zaidi ili kila mtu aone. Kipenga cha mwisho kikalia. Tulishindwa kwa pointi moja.

Yule wa Melbourne akanifuata taratibu, kofia mkononi. "Dada, kama una shaka hata kidogo..."

"Sina."

"Unajua leo ilikuwa siku gani kwetu?"

"Najua. Na mpira uligusa nguzo."

Kutoka kwenye nyasi nikamsikia mtu wa Sydney, kwa sauti ya kutosha kila mtu: "Mchezo gani huu, mtu anapewa pointi kwa kukosa, halafu anapokonywa ushindi na mkewe? Njooni kwetu, ndugu zangu!" Wakacheka. Wale saba wakaondoka naye. Jumanne mume wangu akachukua jezi ya ragbi.

Hapo ndipo zilipoanza zile siku kumi na moja nilizozitaja. Alikula nilichopika, aliosha vyombo ilipokuwa zamu yake, alimpeleka binti yetu shule. Kwangu hakutoa neno. Binti yetu alikuwa na miaka minane, anasikia Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, je, ni kweli uligusa? Nikamwambia kweli. "Basi baba amekasirikia nini?" Nikamwambia amwulize baba.

Mke wa pasta alikuja na kina mama wawili. Wakakaa kwenye kochi, wakanywa chai, wakaniombea, kisha likatoka lililowaleta.

"Mama, umuombe bwana yako pardon. Ni neno moja tu, iishe."

"Nimemkosea nini?"

"Ulimuangusha mbele ya wanaume."

"Nilikuwa nimesimama mbali naye, mama. Mpira wake ndio uliomwangusha."

"Lakini ungeweza kunyamaza."

"Mwamuzi hanyamazi. Ningenyamaza, ningekuwa nimesema sita."

Waliondoka wakitikisa vichwa. Nilifunga mlango, nikakaa, nikalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Niliwaza kwamba katika nchi ile kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo neno langu lilikuwa neno, na watu wangu wenyewe ndio waliotaka nilirudishe mfukoni. Jioni ile yule wa Melbourne akapiga simu. Amekosa wachezaji wanane, akasema, wale saba na mume wangu. Nikangoja aniambie nisije tena. Akakohoa.

"Jumamosi utakuja?"

"Nitakuja."

"Vizuri," akasema, akakata simu haraka kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

Siku ya kumi na mbili mume wangu akafungua kinywa: "Chumvi iko wapi?"

"Ilipo siku zote," nikajibu. Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yetu, na hatukuandikiana mkataba mwingine.

Kuanzia hapo kila Jumamosi tulitoka mlango mmoja, tukapanda basi moja, na mifuko miwili. Kwenye bustani ya mji yeye alikata kulia, kwenye uwanja wa mstatili wa ragbi, mimi nikakata kushoto. Mtu wa Sydney, aliyejiona ameshinda, alinikimbilia siku moja na tabasamu lake.

"Dada, unapoteza muda huko. Njoo kwetu. Wake wa wachezaji wetu wote wako hapa, wanachoma soseji, tunacheka."

"Na waamuzi wenu?"

"Tuna wanaume wa kazi hiyo."

"Basi hao wanaume wachome na soseji."

Mume wangu alikuwa nyuma yake akifunga viatu. Niliona mabega yake yakitikisika. Hakuinua kichwa, lakini najua mtu anavyocheka.

Mwisho wa msimu ikaja fainali, Mount Dennis na timu moja ya katikati ya mji. Kila timu ilikuwa na haki ya kupendekeza mwamuzi wa magoli. Nahodha wa Mount Dennis akampigia yule wa Melbourne: "Tunamtaka yule mama aliyemnyima mumewe."

Siku hiyo ragbi haikuchezwa, maana wapinzani walipatikana tisa tu. Mume wangu akasema atanisindikiza kubeba begi. Begi langu lilikuwa jepesi. Nikamwachia abebe.

Nusu ya pili, Mjamaika mmoja wa Mount Dennis akapiga mpira kutoka pembeni, mbali sana, na ukapita karibu mno na nguzo ndefu hivi kwamba umati wao ukaanza kucheza. Lakini ulikuwa umepita nje yake. Nikatoa kidole kimoja. Walinizomea kwa lugha tatu ninazozijua na moja nisiyoijua. Mtu mmoja akauliza nimetumwa na nani. Sikusogea. Nahodha wao akaja mpaka mbele yangu, anahema, na mimi nikajiandaa.

"Sikuona, mama," akasema. "Lakini wewe uliona?"

"Niliona."

Akageuka akawafokea wenzake warudi kwenye nafasi zao. Mwishowe walishinda, na hata wangeshindwa ningekuwa nimetoa kidole kile kile.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, basi, treni, basi. Tulipofika kituo cha Sheppard mume wangu akasema, "Na leo umewanyima wao."

"Sijamnyima mtu. Ulipita nje."

Akalihamishia begi langu magotini. "Hivi kwa nini ukigusa nguzo ni moja, wakati umeingia? Kwenye soka ukigonga mwamba ukaingia, ni bao."

Tangu akasirike, hakuwa ameniuliza neno juu ya mchezo ule hata mara moja. Nikamweleza kuhusu nguzo ndefu na fupi, kuhusu kusogea chini ya mpira, kuhusu kusikiliza na siyo kutazama tu, mpaka tukapitiliza kituo chetu. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Mpaka leo anasema ule ulikuwa sita.

Majira ya kuchipua yaliyofuata mtu wa Sydney alipata kazi magharibi ya nchi, na ragbi yake ikafa Malvern kabla ya jezi kuchakaa. Yule wa Melbourne alidumu zaidi, lakini mji ukang'oa nguzo zake ili watoto wapate uwanja wa soka, akahamishia timu kwingine. Kati ya wale saba, wawili waliishia kwenye soka na watano kwenye ovataimu. Wakati wote ule Waaustralia wale walibishana nani atatushika, na hakuna aliyetushika.

Mimi niliendelea misimu minne zaidi, hata uwanja ulipokuwa mwendo wa saa nzima kwa basi. Nilifundisha wanawake wawili, mmoja Mrundi wa kanisani kwetu, mwingine Mgoa wa Nairobi aliyestaafu ukarani. Siku ya kwanza yule Mrundi alisimama kati ya nguzo na koti limemzidi, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na mpigaji akiwa mume wangu?"

Mumewe alikuwa pale anapasha misuli, anatupungia mkono. Nikamshika mabega, nikamsogeza hatua moja kulia.

"Simama hapa," nikamwambia. "Hapa utaona vizuri zaidi."