Jina Nililompa Dorkasi

Rafiki yangu, hii nakuambia wewe kwa sababu najua hutanicheka.

Binti yangu nilimwita Dorkasi. Mama mkwe alitaka jina la marehemu dadake, nikakataa, kwa sababu kanisani Dorkasi ni yule mama aliyewashonea wajane nguo. Nikamlea nikimwambia jina lake maana yake ni mwanamke wa kutumika na kuvumilia. Hakuna mtu alinifunza hivyo. Nilijitungia.

Akaolewa huko Kware. Alipopigwa mara ya kwanza nikamwambia akumbuke jina lake, arudi. Mara ya pili bwanake alimvunja jino na mwiko wa ugali. Nikamrudisha mimi mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nimeanza ngumbaru, darasa la jioni la watu wazima. Siku moja mwalimu akatuambia tulete majina ya watoto tujue yametoka wapi. Hilo la Dorkasi akasema ni la Kigiriki, ni paa, yule mnyama wa porini, na watu husema aliitwa hivyo kwa vile macho yake makubwa yanaona mbali. Nikamuuliza, na kuvumilia je? Akasema hiyo haimo.

Jumamosi hiyo hiyo binti yangu akaja kwangu mtaa wa Umoja bila viatu. Jicho la kushoto limefungana, damu inatoka sikioni. Alikuwa amekanyagwa kichwa na buti. Kabla nimalize kumpangusa, bwanake alikuwa anapiga mlango teke, kakake nyuma yake. Nikafungua, nikasimama hapo katikati.

"Mama, nipe bibi yangu. Si ni wewe ulimfunza kuvumilia?"

"Nilimfunza uongo."

Akacheka, akasema ngumbaru imeniharibu kichwa. Halafu akanishika shingo. Sisi watu wa magharibi ya nchi, mkwe hata kwa mkono hanisalimii; akinigusa, ndoa imeisha. Huyu alinigongesha kichwa kwa fremu ya mlango, mara moja, mbili, tatu. Damu ikaniingia mdomoni. Nilishikilia fremu na mikono yote, nikiomba Mungu, sikutoka.

Ni kakake aliyeogopa. Akamkamata kiuno, akamvuta mpaka wakaanguka kwa ngazi.

"Umegusa mama mkwe," akamwambia. "Hapa hatuna mke tena. Twende."

Binti yangu yuko na mimi. Daktari amesema jicho hilo halitaona. Nimemuomba msamaha, na bado namuomba.

Kama unajua mama anayejiandaa kumrudisha msichana wake kwa mwanaume wa kupiga, msomee hii leo. Na yeye amsomee mwingine.